Gitaa la tumbo nusu wazi: nimenunua mashine mpya, uzi wa tatu bado unaniaibisha

Nyuzi Sita, Kisumu

Wakuu salama. Leo naanzisha uzi juu ya uzi, ule wa tatu kutoka chini, G, ambao umeniumbua mbele za watu mara ya nne sasa.

Gitaa lenyewe ni la umeme, la tumbo nusu wazi. Kwa wasiolijua: ubavuni kuna uwazi na yale matundu mawili ya umbo la herufi f, ila katikati limepita gogo la mbao kutoka shingoni hadi mkiani. Gibson ndio waliolitoa hivyo mwaka 1958 wakaliita ES-335, na tangu hapo viwanda vinaigana tu. Langu ni la Asia. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Milimani, miaka minne imepita. Jumamosi nalipigia benga, Jumapili kanisani.

Ugonjwa wake ni huu. Naweka sauti sawa, tunaanza, nikiuvuta ule uzi wa tatu kidogo tu haurudi mahali pake. Wimbo wa pili mimi na kinanda tumeshaachana. Na benga haina huruma, solo iko juu, inakimbia, mara nyingi nyuzi mbili kwa mpigo, na msikilizaji wa huku amelelewa na nyatiti, kile kinubi cha Waluo. Mzee anaweza kukaa kimya mbele ya kiongozi mwongo, lakini gitaa lililoshuka nusu sauti atalisema.

Nikaambiwa mashine za kukazia nyuzi zimechoka. Nikaagiza mpya mtandaoni, tangazo lilisema zinaingia gitaa lolote. Tundu la kichwa cha gitaa langu ni milimita 10, hizi zimetengenezewa tundu la 8.5. Nikiipachika inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Dukani wamekataa kurudishiwa, eti nimefungua pakiti. Sasa ningejuaje hazitoshi bila kufungua?

La pili ni jeki, lile tundu la ubavuni la kuchomekea waya wa amplifaya. Nati yake ya nje ililegea, nikaikaza kwa koleo bila kushika ya ndani. Jeki nzima ikazunguka, waya ukakatika, ikatumbukia tumboni. Hapo tuko harusini Ahero, bibi harusi anasubiri muziki aingie. Nikitikisa gitaa naisikia humo ndani kama kokoto kwenye kibuyu.

Kwa vile nalifungua, nimeona nibadilishe kila kitu kwa mkupuo mmoja: daraja (kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini), pikapu zote mbili (vile vinasa sauti chini ya nyuzi), volyumu, swichi. Nishaurini nianzie wapi.

Fundi Redio, Kondele

Anzia kwa kuficha simu yako usije ukaagiza kitu kingine usiku huu.

Fanya jaribio moja kabla hatujaendelea. Legeza G kiasi, halafu uikaze polepole sikio likiwa karibu na ule mfupa wa juu, pale nyuzi zinapovuka kutoka shingoni kwenda kichwani. Ukisikia *ting* na sauti ikaruka ghafla badala ya kupanda taratibu, mashine zako hazina kosa. Uzi unakwama kwenye mfereji.

Kwa nini G? Tazama gitaa lako kutoka mbele. Kichwa cha mashine tatu kwa tatu kinafanya nyuzi za katikati, D na G, zipinde kwenda pembeni kuliko zote mara tu zinapovuka mfupa, na kichwa chenyewe kimeinama nyuma. Kona mbili mahali pamoja. Ukivuta uzi, unateleza kuja shingoni, ukiuachia unang'ang'ania hapohapo. Ungeweka mashine za dhahabu, mfupa ungeukwamisha vilevile.

Chukua penseli laini, 2B, chora ndani ya mfereji mpaka uwe mweusi, rudisha uzi. Penseli ni ya shilingi ngapi? Njoo utuambie.

Besi Nzito, Nakuru

Fundi, nakuheshimu, ila usizipe mashine cheti cha afya kwa simu. Nimekutana na ambazo zinarudi nyuma zenyewe. Nyuzi Sita, chukua spana namba 10, kagua zile nati zilizozunguka shingo za mashine upande wa mbele wa kichwa, mara nyingi zimelegea kwa mtikisiko. Kagua na skrubu ndogo za nyuma. Hesabu pia mizunguko ya uzi kwenye mhimili: miwili au mitatu, ikishuka chini, isipande mgongoni mwa mwenzake. Nimeona kijana ana mizunguko tisa kwa G, anasema ni ya akiba.

Halafu ukipitiliza juu, usishuke kuja kwenye sauti. Shuka chini yake kabisa, kisha panda. Meno ya mashine huwa na nafasi ndogo kati yao, ukimalizia kwa kushuka umeiacha nafasi hiyo wazi, na uzi utaila wenyewe katikati ya wimbo.

Nyuzi Sita, Kisumu

Nimerudi. Nati mbili zilikuwa zimelegea kweli, asante Besi Nzito. Lakini *ting* ipo, Fundi, tena inasikika hadi sebuleni, mke wangu ameuliza ni nini. Penseli imeipunguza, haijaisha. Nimetazama kwa tochi ya simu: mfupa wangu si mfupa, ni plastiki, na mfereji wa G umebana uzi pande zote mbili. Nilipolinunua lilikuwa na nyuzi nyembamba, 009, yaani uzi mwembamba una unene wa inchi 0.009. Mimi nikaweka 010 mpaka 046.

Fundi Redio, Kondele

Basi umeshajijibu. Kidole kinene kwenye pete ya mtoto.

Mulembe wa Kisa, Kakamega

Mulembe wandugu. Hapa ndipo pangu.

Mfupa nimetengeneza mwenyewe, wa ng'ombe, na sijutii. Nenda buchari, omba paja la mguu, sehemu iliyonyooka yenye ukuta mnene. Mwenye bucha atakuuliza kama ni wa supu, mwambie ndiyo, usianze kueleza mambo ya gitaa. Ondoa uboho, chemsha, kwangua, chemsha tena. Kisha uloweke siku kadhaa kwa maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, ukibadilisha maji. Mafuta yakibaki, mfupa unakuwa wa manjano na unanuka mvua ikikaribia. Baada ya hapo uache ukauke kivulini wiki kadhaa. Wangu ulikaa juu ya kabati mwezi mzima, na mbwa wa jirani alikuwa anakuja kunisalimia kila asubuhi.

Kata kipande kirefu kidogo kuliko cha zamani. Upana wa shingo pale juu kwa magitaa haya ni kama milimita 43, lakini pima la kwako. Sugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili chini pawe tambarare kabisa. Vaa barakoa, vumbi la mfupa si la kuvuta, na harufu yake ni ileile ya kwa daktari wa meno.

Kazi ngumu ni mifereji. Tupa maalumu za magitaa ni ghali, ila nenda kwa jua kali anayechomelea kwa gesi, muulize vile vijiti vya kusafishia pua ya gesi. Ni vipande vya waya vyenye mikwaruzo, vinakuja seti, kila kimoja unene wake, kuanzia chini ya nusu milimita. Chagua kilicho kinene kuliko uzi kwa unywele tu. Kisugulie mferejini ukielekea kichwani, ukiinamisha mkono nyuma, ili uzi uondoke kwenye mfupa ukingoni kabisa upande wa shingo. Mfereji ukiwa na kilele katikati, uzi utalia kama nzige.

Kujua kina: bana uzi kwenye freti ya 3 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), tazama juu ya freti ya 1. Pawepo nafasi ya unywele, ukigonga uzi kwa kidole usikie *tik* ndogo. Hakuna nafasi, umekata sana, na mfupa mmoja umekwenda. Mimi wa kwanza ulikwenda, wa pili ukaenda, wa tatu ndio uliokaa.

Huku kwetu George Mukabi alipiga omutibo, ule mtindo wetu wa gitaa, kwa gitaa kavu na chupa ya Fanta ikikwaruzwa pembeni, na mtu alisimama kusikiliza. Kwa hiyo pole pole na hayo mambo ya kubadilisha kila kitu.

Solo Mchanga, Siaya

Omera, yaani niweke mguu wa ng'ombe kwenye gitaa langu 😂. Swali la kweli: pikapu mpya hazitampa sauti nzuri zaidi? Mimi naona watu wanabadilisha hizo kwanza.

Besi Nzito, Nakuru

Zitabadilisha sauti, ndiyo. Hazitaweka G sawa. Mtu akipiga nje ya sauti kwa pikapu ghali, anasikika vizuri zaidi kwamba yuko nje ya sauti.

Niseme la daraja maana lilinichoma. Nina la aina hiyohiyo. Niliagiza daraja na mkia (kile chuma kinachoshika miisho ya nyuzi) wa vipimo vya Marekani. Kwa macho ni vilevile, hata umbali kati ya stadi mbili za daraja, zile skrubu nene zinazolibeba, ulilingana, milimita 74. Stadi za mkia zikaingia mizunguko miwili kwenye bushi, yale matundu ya chuma yenye hesi, zikagoma. Nikaongeza nguvu. Msifanye hivyo. Stadi nyingi za Asia ni M8, yaani milimita 8, za Marekani ni inchi 5/16, yaani karibu milimita 7.94. Unene unakaribiana kiasi cha kukudanganya, hesi hazifanani: moja hatua yake ni milimita 1.25, nyingine hesi 24 kwa inchi. Nilikula hesi za bushi moja, na bushi hizo zimegongwa ndani ya lile gogo, kuing'oa bila kubandua rangi ni kazi ya saa nzima na jasho. Nyuzi za 010 zinavuta zaidi ya kilo 40 zikiwa zote zimekazwa, na mzigo huo unabebwa na stadi mbili za mkia. Hapo si pa kubahatisha.

Chukua stadi yako ya zamani mpaka dukani kwa spea za pikipiki. Jaribu kuifunga kwenye nati ya M8. Ikiingia kwa vidole hadi mwisho, umejua. Dakika moja.

Na kama daraja lako halijaliwa na nyuzi mpaka vile vitandiko, vipande vidogo vinavyobeba kila uzi, vimepata makorongo, liache. Lisafishe kwa mswaki, skrubu zake ndogo tone moja la mafuta ya cherehani.

Nyuzi Sita, Kisumu

Langu limeota kutu kidogo. Jasho langu na hewa ya ziwa, nadhani. Na kuna kamlio, *zzz*, nikipiga A wazi. Haitoki kwenye amplifaya, inatoka kwenye gitaa lenyewe.

Besi Nzito, Nakuru

Je, kuna waya mwembamba umepita juu ya skrubu za daraja, kuzizuia zisichomoke? Madaraja ya muundo wa zamani yanao, na waya huo ndio mwimbaji mkuu wa *zzz*. Mtu mmoja apige A, mwingine aguse kitu kimoja kimoja kwa ncha ya kidole: waya, skrubu, vifuniko vya mashine, kile kibao cha kukinga mikwaruzo, vifundo vya volyumu. Ikinyamaza, umemshika. Kama ni waya, upinde kidogo ukandamize, au weka tone la rangi ya kucha kwenye skrubu inayotikisika.

Solo Mchanga, Siaya

Rangi ya kucha, mguu wa ng'ombe. Hii ni saluni au bucha?

Fundi Redio, Kondele

Ni hospitali, na sasa tunaingia upasuaji wa tumbo. Nyuzi Sita, soma yote kabla hujashika bisibisi.

Gitaa gumu, lisilo na uwazi tumboni, mara nyingi lina kifuniko nyuma, unafungua skrubu tu. La kwako halina. Kila kitu kiliingia kwa tundu la f na kitatoka hukohuko, au kama una bahati gogo limekatwa nafasi chini ya pikapu ya daraja na unaweza kupitishia hapo. Toa pikapu hiyo kwanza uchungulie.

Kama ni jeki tu, usiguse volyumu. Tikisa mpaka jeki ije tunduni, ivute nje kwa waya, uchomelee hapo nje juu ya taulo. Ule ulimi mrefu uliopinda, unaogusa ncha ya plagi, ndio wa sauti. Ile pete inayoshika mwili wa plagi ndiyo ya ardhi. Ukizigeuza, gitaa litanguruma na ukigusa nyuzi litanguruma zaidi.

Kuirudisha jeki mahali pake: chukua kijiti cha mshikaki, kizungushie utepe mpaka kibane ndani ya tundu la jeki. Kipitishe kutoka nje, kwenye tundu la ubavuni, kitokeze kwenye f. Kivike jeki. Kivute nje pole pole, jeki inafuata kama mbuzi kwenye kamba. Ikichungulia, vika washa (ile pete bapa ya chuma), kaza nati, kisha ndipo utoe kijiti. Na safari hii ukikaza nati, shika shina la jeki. Bandika hata bisibisi nyembamba ndani yake izuie isizunguke.

Kama ni lazima utoe volyumu zote nne na swichi, piga picha, halafu vika kila mhimili kipande cha mpira wa petroli wa bodaboda kabla hujaisukuma ndani. Mhimili ni karibu milimita 6, mpira unaubana vizuri. Mwisho wa pili wa mpira unabaki nje ya tundu lake, umefungwa lebo. Siku ya kurudisha unavuta mipira tu. Bila hiyo utakuwa unavua samaki gizani, na kwenye ufukwe wa Dunga kuna wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Lakini volyumu zikikwaruza tu, hazihitaji kutolewa. Kuna spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, inakauka yenyewe. Si mafuta ya kulegeza nati zenye kutu. Toa kifundo cha volyumu, elekeza ndani, zungusha mara 30 huku na huku. Ukishaamua kununua mpya, za pikapu hizi ni kiloomu 500, kapasita ya toni 0.022 mikrofaradi, na ujue za Marekani zinataka tundu pana kama milimita 9.5 wakati la kwako huenda ni 8. Drili kwenye uso wa gitaa itabandua vanishi. Tumia rima, chombo cha kupanulia tundu, kwa mkono, au msasa uliozungushwa kwenye penseli. Hata vifundo haviingiliani, mhimili wa Marekani una meno 24, wa Asia 18.

Mngurumo nao una kipimo chake. Ukigusa nyuzi ukapungua, waya wa ardhi uko hai. Ukigusa nyuzi hakuna kitu lakini ukigusa chuma cha jeki unapungua, basi waya unaokwenda kwenye stadi ya mkia umekatika au stadi ilitolewa ukadondoka.

Na hapa sicheki. Wewe na hizo nyuzi mmeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Stima yetu ni volti 240. Ukiona amplifaya imekatwa ule mguu wa tatu wa plagi, au mko matangani kwa jenereta isiyo na ardhi na midomo inachomwa na maikrofoni, weka gitaa chini. Mwambie mwenye vyombo arekebishe kwanza. Atanuna, anune.

Mulembe wa Kisa, Kakamega

Fundi amesema. Mimi naongeza shingo. Mkibadilisha unene wa nyuzi kutoka 009 kwenda 010 shingo inavutwa mbele. Nyuzi Sita hajasema kama aliirekebisha.

Nyuzi Sita, Kisumu

Hakuna aliyeniambia kuna kurekebisha.

Besi Nzito, Nakuru

Ehee. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ile ambapo shingo inaungana na mwili. Katikati, juu ya freti ya 7 au 8, pawe na nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3. Fundi wa pikipiki ana zile bapa za kupimia valvu, azima ya 0.25. Ikipita kwa kulegalega, kaza fito ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, subiri, pima tena. Robo, si nusu. Nakuru tuko juu na hewa ni kavu, langu linanitaka kila kiangazi. Kwenu ziwani nadhani masika ndiyo yatakusumbua.

Ndipo uje kwenye kimo cha daraja: kwenye freti ya 12, uzi mnene kama milimita 2, mwembamba 1.2. Mwisho kabisa vitandiko. Piga harmoniki ya freti ya 12 (gusa uzi bila kuubana), kisha bana hapohapo. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kilete mbele. Ukianza na vitandiko kabla ya shingo utarudia kazi yote.

Nyuzi Sita, Kisumu

Wakuu, wiki sita zimepita, nimerudi na ripoti.

Jeki ilitoka kwa kijiti cha mshikaki mara ya pili, mara ya kwanza utepe uliteleza nikatukana peke yangu. Niliichomelea kwa yule jirani anayetengeneza redio, mimi nikishika tochi. Kamlio kalikuwa ni kale kawaya, kama Besi Nzito alivyosema, rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, inaonekana ukiinama. Fito nimekaza robo mbili kwa siku mbili.

Mfupa sikuweza kusubiri wa kwangu ukauke. Nilipanua mfereji wa plastiki kwa kile kijiti cha jua kali, mikono ikitetemeka, mikwaruzo minne, pumzika, pima. *Ting* imekufa. Jumamosi tulikuwa Kibos, saa nne mfululizo, nimegusa mashine mara mbili tu, mashine zilezile za zamani. Pikapu sijabadilisha. Mzee mmoja alikaa karibu na spika usiku kucha na hakusema neno, sijui kama nifurahi.

Kilichobaki ni zile mashine mpya, ziko kwenye pakiti iliyofunguliwa. Tundu la milimita 8.5, tatu kwa tatu. Nani anazo?

Mulembe wa Kisa, Kakamega

Gitaa langu la zamani lina matundu hayo. Nimepima kwa mkia wa drili, 8.5 unaingia, 9 unakataa. Unataka ngapi?

Nyuzi Sita, Kisumu

Nusu ya nilizotoa, na ule mfupa wako wa akiba kama umekauka. Kesho nampa dereva wa matatu ya saa mbili.

Mulembe wa Kisa, Kakamega

Umekauka. Nakutumia kwa gari hilohilo likirudi. Mwambie dereva kifurushi asikiweke sakafuni, mbwa.